Kalibu Niliyoinyoosha

Walisema sitaweza. Aliyeanza ni mwenye nyumba wangu kule Minto, pembezoni mwa jiji la Sydney, Australia, mzee Mkongomani tuliyemwita Papa, ambaye nilipanga chumba chake cha nyuma. "Petit," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, mdogo wake, "wewe juzi umeanguka kwa bafu yenye haina hata maji. Leo unataka kufanya mbao ya kuteleza?" Jirani yetu, dada Mkenya, nesi wa shifti za usiku, alicheka mpaka akashika ukuta. "Aki fundi, hizo vitu ni za watu wako na pesa ya kuvunja miguu. Wewe tengeneza kitanda, mtu alale." Na mdogo wangu halisi, nilipompigia simu Moshi, aliuliza kwa upole kama ile kazi ya kufagia haijanipanda kichwani.

Haya nayaandika nikiwa Moshi, katika karakana yangu mwenyewe, yenye mafundi sita na mashine ambazo wenzangu wengi wa mji huu wanazijua kwenye picha. Sikuachiwa na mtu. Nina stashahada ya ufundi wa mbao na ninajua thamani yake. Milango ya hoteli mbili za hapa ni yangu, na anayetaka kuhakikisha aifunge asikilize. Lakini katika kazi zote zilizopita mikononi mwangu, ipo moja ambayo mpaka leo sijaielewa vizuri, nayo ni ski nilizotengeneza Sydney.

Ski ni mbao mbili ndefu, nyembamba, ambazo mtu huzifunga miguuni akateleza nazo kwenye theluji kutoka mlimani hadi chini. Akifika chini anapandishwa tena juu kwa kiti kinachoning'inia kwenye waya, ateremke upya. Analipia. Nimewauliza wengi sababu, na kila mmoja alinijibu kwa kutabasamu tu.

Nilikuwa nafanya kazi Seven Hills, upande mwingine wa jiji, kwenye karakana ndogo iliyotengeneza makabati ya jikoni na milango. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kufunga mizigo. Stashahada yangu nilikwenda nayo siku ya kwanza kwenye faili la plastiki. Bosi, mzee mwenye nyusi nyeupe na vidole viwili vilivyofupishwa na msumeno, aliisoma akasema ni karatasi nzuri, kisha akanionyesha ufagio ulipo. Kulikuwa na benchi moja tupu karibu na dirisha. Fundi wake alikuwa amestaafu. Kila asubuhi nilifagia chini ya benchi lile, na kila asubuhi nilijiona nimesimama nyuma yake na randa mkononi.

Siku moja wakati wa chai nilimwambia bosi nalitaka lile benchi. Hakukataa. Aliniuliza nimetoka wapi hasa, nikamwambia Moshi, chini ya mlima wenye theluji kileleni, ambao tukiamka unatutazama dirishani. Nyusi zake zikapanda. Akaniuliza kama basi theluji naifahamu. Nikasema ndiyo, nimekua nayo. Akauliza, na ski? Nikasema ndiyo.

Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Nadhani mtu aliyeshika ufagio kwa muda mrefu akiulizwa swali lolote anasema ndiyo.

Ilikuja kubainika kwamba bosi, kwenye chumba cha nyuma, alikuwa anatengeneza ski kila msimu wa baridi, zake na za wateja wachache. Akanipa mtihani. Nitengeneze jozi moja kwa muda wangu mwenyewe, nje ya karakana. Kabla msimu haujaisha ataivaa mlimani. Ikishuka naye nzima, benchi ni langu. Isiposhuka, kuna kijana wa Smithfield ameshaleta barua ya kuomba kazi, na benchi ni la kijana. Alinipa mbao za mabaki, ukanda wa chuma wa pembeni, plastiki ngumu ya chini, mchoro wa penseli wenye vipimo, na akaniazima kalibu yake.

Kalibu ndiyo kila kitu. Ski si ubao mmoja. Katikati kuna moyo wa mbao nyepesi, juu na chini yake unalaza kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholowa gundi ya kuchanganya chupa mbili, na vyote unavikandamiza juu ya kalibu mpaka vikauke kwa umbo lake. Ile ya bosi ilikuwa mbao nzito zilizobanwa kwa boliti, zimeng'aa kwa kutumika. Niliibeba begani kwenye treni mbili hadi Minto, na watu walinipisha kama nimebeba jeneza la mtoto.

Mahali pa kufanyia kazi nilimwomba Papa. Alinipa garaji, ambamo kulikuwa na baiskeli za wajukuu, magunia ya nguo za kupeleka Goma ambazo hazikuwahi kwenda, na friji iliyokufa. Friji ile nilimwomba pia. Niliifungua nikatoa mota yake. Mota ya friji ukiigeuza inavuta hewa, na hilo nililijua tangu chuoni. Unaingiza kazi yako ndani ya mfuko wa plastiki, unaziba, mota inavuta, na hewa yote ya Minto inaikalia ile kazi juu yake. Hakuna klempu duniani inayobana hivyo.

"Kumbe frigo inaweza fanya kazi ata ikikufa," Papa alisema, akazunguka mota mara mbili. "Mungu anisaidie na mimi niwe hivyo."

Tatizo lilikuwa baridi. Ilikuwa Julai, katikati ya msimu wa baridi wa kule, nyasi za uani zilikuwa nyeupe asubuhi, na gundi ile haikauki kwenye baridi. Hapo ndipo nilipomwendea nesi kumwomba blanketi lake la umeme. Alikuwa analala mchana na kufanya kazi usiku, kwa hiyo kuanzia jioni blanketi halikuwa na mtu.

"Nikuulize," alisema, amelikumbatia. "Hizo mbao zako zinasikia baridi kuniliko?"

"Zinasikia, dada."

"Wee! Na ukiniletea ikiwa na viroboto vya mbao?"

"Mbao haina viroboto."

"Basi saa moja asubuhi iwe kwa kitanda yangu. Saa moja na dakika moja naita polisi."

Nilikuwa na kila kitu. Nilikuwa na vitu vya watu watatu mikononi mwangu, na hapa lazima nieleze jinsi nilivyolelewa. Mjomba wangu aliyenifundisha randa alikuwa na desturi moja asiyoivunja: chombo cha kuazima kinarudi kikiwa bora kuliko kilivyotoka. Akiazima msumeno, anaurudisha umenolewa. Akiazima patasi yenye mpini uliopasuka, anairudisha na mpini mpya, na hasemi neno. Mwenyewe ataona.

Sasa niliiweka kalibu ya bosi juu ya meza, nikaitazama kwa jicho moja kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama fundi yeyote angefanya, na nikaona aibu kwa niaba yake. Ilikuwa imepinda. Ncha ya mbele iliyoinuka niliielewa, ni kama pua ya kiatu, isijikwae. Lakini katikati palikuwa na nundu. Si kubwa, unene wa kidole cha mwisho, ila ilikuwapo, na huwezi kuificha kwa mtu mwenye stashahada. Nikajisemea mbao zimekunywa unyevu wa miaka mingi kwenye chumba kile cha nyuma, zimevimba. Maskini mzee, macho hayaoni tena.

Simu ninayo, na najua humo kuna video za kila kitu. Sikuangalia hata moja. Mtu hasomi miaka mitatu chuoni halafu akafundishwe ubao na simu.

Nilichukua randa. Jumamosi nzima niliikwangua ile nundu, nikapima kwa rula ya chuma, nikakwangua, nikapiga msasa, nikapaka mafuta. Jioni rula ililala juu yake bila mwanga kupita hata penye unywele. Papa alikuja na kikombe chake cha chai akapitisha kiganja. "Sasa hii imetulia," alisema. Nilijisikia kama nimemwosha bosi, mzee wa watu, miguu.

Jozi yangu ya kwanza ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Sisemi kwa kujisifu; nesi mwenyewe alipoiona alinyamaza. Nyeupe, laini, imenyooka kama mstari wa daftari, na juu nilipaka vanishi mara nne. Niliifunga kwenye shuka nikaipeleka Seven Hills pamoja na kalibu.

Bosi alizishika ski mbili akazikutanisha tumbo kwa tumbo, akazitazama kwa upande. Zilikutana mwanzo hadi mwisho kama midomo iliyofungwa. Akazigeuza, akazikutanisha tena. Kisha akashusha macho kwenye kalibu. Akaenda akaiwekea rula. Akaiondoa rula, akatoka nje, akasimama kwenye maegesho ya magari huku amenipa mgongo.

Mimi nilidhani ameguswa. Nilimpa nafasi.

Aliporudi sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nundu iko wapi?"

"Nimeitoa, bosi," nikasema. "Na sikudai chochote."

Mpaka leo nikiukumbuka uso wake sijui niuweke kwenye kundi gani. Haikuwa hasira. Alikaa kwenye kreti, akavuta pumzi, akanieleza polepole, kwa mikono, kwamba nundu ile ilikuwa ya makusudi. Aliitafuta kwa misimu mingi, anakwangua kidogo, anajaribu, anaongeza, mpaka akaipata. Ski lazima iinuke katikati, ili mtu akisimama juu yake uzito wake uikandamize na mbele na nyuma vishike theluji. Isipoinuka, vinaelea, na mtu anakwenda inakotaka ski.

Nilimwelewa kila neno na sikuelewa lolote. Kwamba ubao mzuri ni ule uliopinda, na ukishasimama juu yake ndipo unanyooka, kwa hiyo unaupinda ili unyooke! Kwa nini usiunyooshe tangu mwanzo, ukapumzika? Nilimuuliza. Akasema, kwa sababu. Na hiyo "kwa sababu" ndiyo yote niliyopata.

Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza. Alisema msimu umebakiza wiki sita, plastiki na chuma vimebaki vya jozi moja, na kwamba yeye sasa hana kalibu, basi tutaona. Alipofika mlangoni aligeuka. "Uliipaka mafuta?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Huko Minto nilianza upya, na safari hii nilitakiwa kutengeneza upotofu kwa vipimo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilichukua ufito mwembamba, nikaupinda kati ya misumari mitatu, nikafuata mstari wake kuchonga kalibu mpya ya muda kwa mbao za takataka ambazo watu huweka kando ya barabara manispaa ije izoe. Jioni nachonga nundu, na mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, unarudi kuikwangua. Miaka ya mafunzo ilikuwa inanipinga. Ikabidi nimwite Papa awe jicho langu.

"Papa, tazama hapa. Imepinda?"

"Imepinda, petit."

"Sana?"

"Ni mbovu kabisa. Pole."

"Ahsante, Papa."

Aliniangalia, akaniangalia tena. Nilimsikia ndani akimwambia mke wake kwa Kifaransa jambo ambalo sikulielewa, lakini sauti niliielewa.

Siku ya gundi mfuko wa plastiki ulivuja. Mota inalia, mfuko haushuki. Papa alilala kifudifudi sakafuni na sikio lake kubwa akiutafuta mlio, "hapa, hapana, hapa," na tukaziba tundu kwa ubani wa kutafuna wa mjukuu wake. Ulishuka. Nikatandika blanketi juu. Asubuhi saa moja kasoro tano nililivuta nilirudishe, likakataa kona moja. Gundi ilikuwa imepita kwenye lile tundu, ikanywewa na blanketi, ikakauka humo.

Nesi alikuwa mlangoni, na sare ya kazi, macho mekundu ya usingizi. Aliigonga ile kona kwa kidole. Ikatoa mlio.

"Fundi, nilikuazima blanketi ama nilikuazima bati?"

"Dada, nitakulipa."

"Na nikigeuka usiku initoboe mbavu, utanilipa mbavu?" Kisha akazitazama ski, zimelala hapo na nundu yake mbaya. "Na hizi mbona zimepinda? Zile za kwanza si zilikuwa poa?"

Sikuwa na nguvu ya kumweleza kitu nisichokielewa.

Jumapili ya mwisho ya msimu, kama bosi alivyokuwa ameniahidi, tuliondoka Sydney kwa gari lake kwenda milima ya kusini, mwendo wa saa sita. Njia nzima alizungumzia bei ya mbao. Tulipofika nilishuka, na jambo la kwanza nililofanya, kabla sijajua nafanya nini, nilichuchumaa nikaishika theluji. Nilidhani ni laini kama pamba. Ilikuwa na chembe, kama chumvi ya mawe, na ilinichoma vidole. Nikaitia mdomoni. Haina ladha! Maisha yangu yote ile theluji iko juu ya kichwa changu, na haina ladha.

Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ulisema umekua nayo."

"Nimekua nikiitazama," nikasema.

Alizifunga ski zangu miguuni, akaenda kwenye viti vya waya, akapaa.

Nilisimama chini kwenye uzio. Benchi langu la Seven Hills lilikuwa linashuka mlima ule, na sikuweza kujua liko wapi, maana watu wote walikuwa wamevaa kofia ngumu na miwani na makoti, wote wanashuka, wote wanafanana. Nikampata. Koti jekundu, goti limekunjwa kama lake. Nilimfuata kwa macho, nikamwombea kwa sauti, nikamkataza Shetani, nikapiga kelele alipokata kona. Alipofika chini nilimkimbilia mikono juu. Akavua miwani. Alikuwa mama mmoja wa makamo, akaniambia asante sana, mpenzi, na hakuonekana kushangaa.

Bosi alikuwa ameshuka zamani. Nilimkuta kwenye ngazi za mkahawa na kikombe cha kahawa, ameshateremka mara tatu. Kitu ambacho nilikitolea miezi miwili ya maisha yangu kilitokea nyuma ya mgongo wangu nikimshangilia mtu mwingine.

Ski zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Nilizipapasa kila mahali. Hakuna ufa, hakuna kona iliyoachia.

"Ya kushoto inavuta kidogo," bosi alisema. "Si mbaya."

Nilingoja neno la pili. Alikunywa kahawa. Kurudi Sydney alizungumzia mguu wa mke wake. Saa sita nzima sikujua kama nimepata benchi au nimelipoteza, na kiburi hakikuniruhusu kuuliza. Jumatatu nilichukua ufagio kama kawaida. Aliupokonya mkononi mwangu, akauweka pembeni, akaniuliza kwa kuudhika nani atamaliza ile milango ya mteja wa Alhamisi, yeye? Akanyoosha kimoja cha vile vidole vifupi kuelekea dirishani.

Ndivyo nilivyolipata. Ninajivuna nalo kuliko stashahada, na nilivyolipata sijui.

Nilipokuwa benchini nilianza kulipa. Kila siku saa ya chakula nilichonga kalibu mpya ya bosi kwa mbao ngumu niliyoinunua mwenyewe, na nundu niliitafuta kwenye ski zake za zamani, nikipima mwanya kwa vipande vya karatasi, mpaka nikaipata. Jumamosi moja asubuhi nilimkabidhi. Aliweka rula juu yake, akainama atazame mwanga unaopita pande mbili. Halafu akaibeba kwenye chumba cha nyuma, na nilimsikia akipiga mluzi, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akifanya.

Siku hiyohiyo nesi nilimpelekea blanketi jipya, lenye swichi mbili. "Swichi mbili? Na ya pili ni ya nani, na unajua niko peke yangu?" alisema, akacheka, akafunga mlango akalale.

Jioni nikafika kwa Papa na friji, iliyotumika lakini nzima, kwenye gari la kukodi. Papa alitoka na kandambili. Aliniangalia nikiishusha, nikiipitisha mlangoni, nikiisimamisha ukutani jikoni. Nikampa na ufunguo wa garaji, nimelifagia, baiskeli za wajukuu nimezitia mafuta minyororo. Nikasimama nikingoja afurahi.

"Ile frigo ilikuwa imekufa," alisema. "Nilikuwa natafuta mtu wa kunisaidia kuitupa."

"Hata hivyo, Papa. Nimelipa kila mtu leo. Sina kitu cha mtu."

Uso wake ukabadilika. Alivuta kiti akakaa. "Nimekukosea nini, petit?"

"Hujanikosea kitu."

"Kwetu mtu akirudisha yote siku moja, ni mtu anaondoka. Anafunga mlango nyuma yake. Unaenda wapi?"

Siendi popote, nilimwambia. Nina benchi sasa, niende wapi? Niliapa. Lakini nilisikia sauti yangu ikiapa kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, na mikono yangu, ambayo tangu Julai haikuwahi kukosa kitu cha mtu, sikujua niiweke wapi. Nikaitia mifukoni, nikaitoa.

Papa alinitazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiitazama ile kalibu nilipomwita awe jicho langu. Kisha akanyanyuka, akaokota waya wa friji sakafuni, akanipa ncha yake.

"Aya," alisema. "Chomeka tuone kama inaleta baridi."